Sindano ya Maumivu Huku Masoko: Tunajua Bei, Hatujui Miligramu

Leo siasa na mambo ya Simba na Yanga tuyaweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee sindano. Sio ya chanjo, sio ya malaria. Naongelea ile sindano ambayo huku kwetu Masoko kila mtu anaijua na hakuna anayeijua. Ukiuliza inaitwaje utajibiwa "ya maumivu", au "ya magoti", au "ile ya pale kwa fulani". Unachomwa jioni, kesho asubuhi unapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani kama vile hujawahi kuumwa. Baada ya wiki tatu goti linaanza tena, na wewe unarudi pale pale.

Najua wengine mmelipia nusu saa tu hapo kafe, kwa hiyo naitoa hoja yangu mapema. Sindano yenyewe sio adui. Adui ni kuchomwa dawa isiyo na jina, isiyo na kipimo na isiyoandikwa popote. Mgonjwa anatoka na kitu kimoja tu kichwani: bei. Na dawa hizi, nitaeleza kwa nini, ni miongoni mwa dawa ambazo kipimo ndicho kinachoamua kama umetibiwa au umeumizwa.

Kwa wasiopajua, Masoko ni kata ya wilaya ya Rungwe, kusini mashariki mwa mji wa Tukuyu. Ndipo lilipo lile ziwa la volkano, Ziwa Masoko (wengine wanaliita Kisiba), ambalo wazee hawaishi kulisimulia habari za sarafu za Mjerumani zilizotupwa humo wakati wa Vita ya Kwanza. Kazi za huku mnazijua: chai, ndizi, kahawa, maharage, na miaka ya karibuni parachichi. Nchi yenyewe ni vilima, mvua karibu mwaka mzima, njia zinateleza. Chai inalipwa kwa kilo, usipochuma hupati. Mtu wa namna hii akiumwa goti, mgongo au bega hana habari na "pumzika wiki mbili". Anataka kesho aamke aende shamba. Kwa hiyo kabla hamjaanza kuwacheka watu wetu kule kwenye maoni, lielewe hilo kwanza. Soko la sindano hii limejengwa juu ya watu ambao hawana siku ya kuumwa.

Halafu kuna lugha yetu wenyewe inavyotuponza. Kiswahili kina neno "baridi yabisi". Ukikaa mahali penye baridi kama Tukuyu, kila kiungo kinachouma kinaitwa baridi yabisi, na lawama zote zinapewa hali ya hewa. Lakini daktari akisema baridi yabisi anamaanisha ugonjwa maalumu, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake, mara nyingi vile vidogo vya mikono, pande zote mbili, na asubuhi vidole vinakuwa vikavu kwa muda mrefu. Ugonjwa huo ni tofauti na goti lililosagika kwa miaka mingi ya kubeba mizigo, ambapo gegedu linakwisha. Ni tofauti na jongo, ambalo linaweza kukuamsha usiku na kidole gumba cha mguu kimewaka moto. Na ni tofauti kabisa na goti lenye usaha au kifua kikuu ndani yake. Magonjwa manne hayo sindano moja haiwezi kuyatibu sawasawa. La mwisho ndiyo usiseme: ukichoma steroidi kwenye kiungo chenye maambukizi umelipa jeshi la adui posho.

SASA NDANI YA SINDANO KUNA NINI?

Mara nyingine ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya kawaida, ambayo sio steroidi lakini nayo ina balaa lake kwa tumbo na figo. Mara nyingine ni deksamethasoni, ambayo vijiweni inaitwa deksa. Mara nyingine ni zile za kukaa muda mrefu, methilprednisoloni (Depo-Medrol) au triamsinoloni (Kenalog). Mara nyingine mchanganyiko. Depo-Medrol na Kenalog ni nyeupe kama maziwa, deksa na diklofenaki ni maji tu. Kwa hiyo ukiambiwa "si umeona mwenyewe dawa" ujue hujaona kitu. Kwa macho huwezi kutofautisha deksa na diklofenaki. Inatakiwa kusoma kichupa.

Steroidi hizi (kwa jina refu kotikosteroidi) ni ndugu wa homoni ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe kila siku, kwenye tezi ndogo mbili zilizokaa juu ya figo. Homoni hiyo inashika sukari, presha ya damu, na inatuliza mwili unapowaka, yaani uvimbe, joto na maumivu. Mtu mzima anatengeneza kwa siku kiasi ambacho ni kama kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Kosa kubwa ni kudhani miligramu ni miligramu. Hapana. Prednisoloni miligramu 5 ni sawa na haidrokotisoni miligramu 20. Ni sawa na methilprednisoloni au triamsinoloni miligramu 4. Na ni sawa na deksa miligramu 0.75 tu, hata moja haifiki! Sasa piga hesabu na mimi. Deksa nyingi za sindano zina miligramu 4 kwa kila mililita. Mtu akivuta mililita mbili, ni miligramu 8. Unasikia "nane" unaona ndogo. Gawanya 8 kwa 0.75, zidisha kwa 5, unapata kama miligramu 53 za prednisoloni. Yaani umepewa kwa dakika moja kitu ambacho mwili wako ungekitengeneza kwa siku kumi. Ndiyo maana asubuhi ulijisikia kijana wa miaka kumi na nane! Wala sio muujiza.

Sisemi kwamba miligramu 8 ni sumu. Hospitalini inatolewa, na inatolewa zaidi ya hapo, kwa sababu inayojulikana na kwa siku zinazojulikana. Tazameni mfano wa majirani zetu Kenya. Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa nchi tano za utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2020, wa akina mama waliokuwa hatarini kujifungua kabla ya wakati. Walipewa deksa hii hii: miligramu 6, kila baada ya saa 12, mara zisizozidi nne, basi. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Mwaka huo huo 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksa miligramu 6 kwa siku, isiyozidi siku kumi, inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni na mashine za kupumulia. Lakini kwa wale wasiohitaji oksijeni haikusaidia chochote. Na mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine, Uganda na Malawi zikiwemo (Malawi ni hapo tu ng'ambo ya Mto Songwe), wa watu wenye Virusi Vya Ukimwi waliopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Walipewa deksa, ikabidi utafiti usimamishwe kwa sababu dawa ilikuwa inaumiza badala ya kusaidia.

Dawa ni ile ile, wadau. Mahali pamoja inaokoa, pengine haina kazi, pengine inadhuru. Kinachotofautisha ni ugonjwa gani, kiasi gani na kwa muda gani. Mambo matatu hayo ndiyo ambayo mtu wa Masoko haambiwi.

MASWALI MANNE

Kwenye sindano ya viungo, neno "dozi" lina vipande vinne, na ukikosa kimoja dozi haijakamilika.

Kwanza, dawa gani. Hilo nimeshaeleza.

Pili, miligramu ngapi, kulingana na kiungo. Kwa methilprednisoloni, maelekezo ya watengenezaji yanasema kiungo kikubwa kama goti au bega ni miligramu 20 hadi 80, cha kati kama kiwiko ni 10 hadi 40, na kidogo kama cha kidole ni 4 hadi 10. Kidole na goti vinapishana mara nane! Anayempiga kila mtu kichupa kizima ni sawa na fundi viatu anayewashonea watu wote namba 42.

Tatu, inaingia wapi. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa bao. Sindano ya goti inatakiwa iingie ndani ya goti, na anayeichoma awe amefundishwa, kwa usafi wa hali ya juu, na kama goti limejaa maji ayavute kwanza na kuyaangalia. Nyingi ya hizi za "magoti" za huku kwetu zinachomwa makalioni. Ikiingia makalioni sio ya goti tena, ni ya mwili mzima: inakwenda kwenye sukari, presha, mifupa, macho, kila mahali. Hata hiyo ina nafasi yake hospitalini, kwa mfano baridi yabisi ya kweli inapolipuka. Lakini usiniuzie sindano ya mwili mzima kwa jina la goti.

Nne, ya mwisho ulichomwa lini. Kwa kiungo kimoja madaktari wengi hawarudii kabla ya miezi mitatu, na hawapendi ivuke mara tatu au nne kwa mwaka. Hata hapo sio salama moja kwa moja. Mwaka 2017 Wamarekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 140 wa magoti yaliyosagika. Nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu walichomwa maji ya chumvi tu. Mwisho wa siku maumivu yalikuwa hayapishani kwa maana, ila waliochomwa dawa ndio gegedu lao lilipungua zaidi. Hiyo ni kila miezi mitatu, chini ya uangalizi. Sasa mtu wetu anayechomwa kila baada ya wiki tatu?

Mwili nao una akili yake. Ukiletewa homoni kutoka nje mara kwa mara, zile tezi juu ya figo zinaona hakuna haja ya kufanya kazi, zinalala. Ukiacha ghafla, au ukapata malaria kali, au ajali ya bodaboda, mwili unaita homoni na homoni haipo. Presha inashuka, kizunguzungu, kutapika, na mtu anaweza kufa watu wakasema karogwa. Dalili nyingine zinakuja polepole: uso unakuwa mviringo, tumbo linatoka huku mikono na miguu inakonda, ngozi inakuwa nyepesi na kupata michirizi ya zambarau. Kichekesho cha kusikitisha ni kwamba kwetu mtu akiwa hivyo anasifiwa. "Umenawiri! Unakula nini siku hizi?" Wapo wanaozitafuta dawa hizi kwa ajili hiyo hiyo, wanaita vidonge vya kunenepa. Sio kunenepa huko, jamani.

KWA NINI MKOA WETU UNAHUSIKA ZAIDI

Utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa 2022 hadi 2023 uliiweka Mbeya katika mikoa mitatu ya juu, asilimia 9.6 ya watu wazima, wakati taifa lilikuwa asilimia 4.4. Inahusiana nini na sindano ya goti? Sana. Wengi wanaoanza ARV siku hizi wanatumia dawa yenye dolutegraviri, ambayo haina ugomvi na steroidi hizi. Lakini waliohamishiwa mstari wa pili, wenye dawa inayosindikizwa na ritonaviri, wana tatizo kubwa. Ritonaviri inaziba njia ambayo ini linatumia kuivunja triamsinoloni. Sindano MOJA tu ya kawaida, ambayo kwa mwingine ingeisha taratibu, kwake inakaa mwilini wiki nyingi kama vile kachomwa lundo. Anavimba uso, sukari inapanda, tezi zinalala. Na huyu mtu akiwa kwenye benchi la duka la dawa, watu wanasikiliza, unadhani atasema natumia dawa za mstari wa pili? Na yule anayechoma anauliza?

Ongeza kifua kikuu. Steroidi zinaposhusha kinga, TB iliyokuwa imejilaza inaamka, hasa mtu akizipata kwa wiki nyingi. Ongeza kisukari: hata sindano moja ndani ya goti inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, na wengi hatujui kama tuna kisukari mpaka siku tunaanguka. Ongeza minyoo ya udongoni. Kuna mnyoo mmoja, jina lake strongiloidi, unaingia kwa ngozi ya mguu mtupu kwenye udongo wenye unyevu (na udongo wa Rungwe mnaujua). Unaweza kuishi na mtu miaka mingi kimya kimya. Akipigwa steroidi nyingi unazaliana na kusambaa mwili mzima, na hapo kuokoka ni bahati. Hayo yote yanazuilika kwa maswali ya dakika tano na vipimo viwili vitatu. Ila lazima kuwe na mtu wa kuuliza.

Vijana msidhani hii ni habari ya bibi zenu. Mnaocheza mechi za ndondo mnajua: kifundo kimevimba Ijumaa, Jumapili kuna fainali, kuna mtu anakuja na sindano nyuma ya goli. Steroidi ikipigwa kwenye ule mshipa mnene wa kisigino inaweza kuudhoofisha mpaka ukakatika ukiwa unakimbia. Na kwa wenye ndoto za ligi kubwa, tangu tarehe 1 Januari 2022 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni limepiga marufuku sindano zote za aina hii kipindi cha mashindano, iwe ndani ya kiungo au popote. Ukipimwa ukakutwa nayo, "sikujua jina lake" haitakuokoa.

MTASEMA NAPINGA MAENDELEO

Najua hoja zitakazokuja, nizijibu mapema.

Mmoja atasema: mbona zinasaidia? Ndiyo, zinasaidia, na historia iko wazi. Septemba 1948, pale kliniki ya Mayo nchini Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi hata kutembea kwa baridi yabisi, miligramu 100 kila siku. Baada ya siku chache mama akaamka, akatembea. Dunia ilipagawa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa walipoendelea na dozi kubwa zile, madhara yakaanza kutoka moja baada ya jingine, na madaktari wakatumia miaka mingi kujifunza kupunguza kiasi, kufupisha muda, na kupeleka dawa kwenye kiungo kimoja badala ya mwili mzima. Maduka yetu yamechukua ule muujiza wa wiki ya kwanza na kuliacha somo lote lililofuata.

Mwingine atasema: hospitali ni mbali na ni gharama. Kweli. Ukitoka Masoko kwenda hospitali ya wilaya Tukuyu kuna nauli, kuna foleni, kuna siku ya kazi imekwenda. Ukiambiwa uende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kama kilomita 70 nyingine kutoka Tukuyu, na kurudi. Sindano ya dukani ni ya jioni hiyo hiyo, na muuzaji anakujua kwa jina. Mimi simlaumu mama anayekwenda kule. Ila tuhesabu vizuri. Kama unarudi kila wiki tatu, kwa mwaka ni mara kumi na saba. Zidisha bei unayolipa kwa kumi na saba uone kama kweli ilikuwa rahisi.

Wa tatu atasema: kwa hiyo unataka maduka yafungwe? Hapana. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa 2003 kwa majaribio kule Ruvuma ili watu wa vijijini wapate dawa za msingi kwa mtu aliyefundishwa, na yamesaidia. Lakini duka ni duka. Kazi yake ni kuuza dawa alizoruhusiwa, sio kuchoma watu viungo. Kazi hiyo ni ya zahanati, kituo cha afya na hospitali.

Na wale mnaokumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo mwaka 2011, shilingi 500, kikombe kimoja kwa mtu mmoja, iwe kisukari, iwe presha, iwe Ukimwi. Tulishangaa wote kwamba dozi ni moja kwa kila mtu na kila ugonjwa. Sasa niambieni, hii sindano yetu ina tofauti gani? Angalau kikombe kilikuwa na jina la mtu aliyekitoa.

NINACHOTAKA

Mama mmoja jirani yangu magoti yanamsumbua muda mrefu. Nilimuomba anionyeshe daftari lake la hospitali. Ukurasa wa presha upo. Ukurasa wa malaria upo. Sindano za goti, ambazo mwenyewe anasema hazihesabiki, hakuna hata mstari mmoja. Lakini mjukuu wake wa mwaka mmoja ana kadi ya kliniki yenye kila chanjo, na tarehe, na ya kurudi lini. Mtoto wa Masoko ana kumbukumbu kuliko bibi yake. Kama tumeweza kwa mtoto, kwa bibi tunashindwa nini?

Mtu anaweza kuona hiyo karatasi ni kitu kidogo. Mwaka 2012 kule Marekani kiwanda kimoja cha dawa mjini Framingham kilisambaza methilprednisoloni iliyoingia fangasi. Watu walichomwa migongoni na viungoni. Zaidi ya 750 waliugua na zaidi ya 60 walikufa. Ilikuwa balaa. Lakini kwa sababu kila sindano ilikuwa imeandikwa, toleo namba fulani, mgonjwa fulani, tarehe fulani, serikali iliwatafuta karibu watu 14,000 waliochomwa na ikawapata karibu wote ndani ya wiki chache. Waliokuwa wanaanza kuumwa wakawahiwa. Sasa fikiria toleo bovu limeingia huku kwetu. Nani atampigia nani simu? Tutaanzia wapi, kwenye "ile ya pale kwa fulani"?

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na wala hayahitaji wafadhili. Kila anayechoma sindano ya maumivu, awe wa serikali, wa misheni au binafsi, aandike kwenye daftari la mgonjwa vitu vitano: jina la dawa, miligramu, mahali ilipochomwa, tarehe na namba ya toleo. Mistari miwili ya kalamu. TMDA na Baraza la Famasi wanapokuja kukagua wasiishie kuangalia tarehe za kuisha muda na vibali ukutani, waulize sindano zilizotoka zimeingia kwa nani. Halmashauri yetu ihakikishe matabibu wa vituo vya afya wamefundishwa goti lipi la kuchomwa na lipi la kupelekwa Tukuyu. Mengine hayahitaji sindano kabisa, yanahitaji mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza mzigo, na parasetamoli. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 isiwe ya kadi na michango tu. Bima ikilipia sindano bila kudai iandikwe, itakuwa imelipia giza kwa fedha za umma.

Na wewe kijana unayesoma hapa, una kazi. Wewe ndiye unayejua kusoma yale maandishi madogo kwenye kichupa. Mzee akisema anakwenda kuchomwa, msindikize. Omba kichupa kabla hakijatupwa, soma jina na miligramu, andika kwenye daftari lake hata kama hakuna mwingine anayeandika. Sema kama ana kisukari, na kama anatumia dawa za kudumu mchukueni mhudumu pembeni mumwambie. Kama goti limewaka moto na ana homa, asichomwe, apelekwe hospitali. Na kama ameshachomwa mara nyingi kwa miezi, asiache ghafla kwa sababu amesoma makala yangu! Aende kwa daktari na lile daftari, kuna namna ya kumshusha polepole.

Anayechoma akikasirika ukiomba jina la dawa, hilo nalo ni jibu.

Nawakilisha. Uwanja ni wenu hapo chini, hasa wahudumu wa afya mliopo huku Rungwe, Kyela na Busokelo: mnaandika au hamwandiki? Msitaje majina ya watu wala maduka, tujadili jambo lenyewe.